Mashine Isiyo na Kifuniko

Walimwita Nukta. Jina hilo alipewa na wapiga chapa, kwa sababu hakuna karatasi iliyotoka ofisini kwake ikiwa na sentensi ndefu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani aliyoifunga uzi nyuma ya shingo, na hasira zake zilikuwa karibu kama mlango wa jirani. Kazi yake ilikuwa kuandika maelekezo. Ukinunua pampu ya maji, ukafungua boksi, ukakuta karatasi inayokwambia uanze na bomba lipi na umalizie na bolti ipi, ujue kuna mtu aliketi mahali akaiandika. Katika mji ule mtu huyo alikuwa Nukta. Picha zilichorwa na mdogo wake wa kiume, ambaye watu walimwita Rula, maana walisema hata barua ya mapenzi angeipigia mstari kwanza.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya mafundi wa matairi. Harufu ya mpira ulioungua ilipanda ngazi ikaingia kwenye karatasi, na wateja walizoea kupokea kazi inayonuka gurudumu. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Nukta: kompyuta, makabati, na printa kubwa iliyotaka kupigwa kofi ubavuni ndipo ivute karatasi. Chumba cha pili kilikuwa cha Rula, na meza ndefu chini ya dirisha. Pembeni ya meza palikuwa na kikatio cha karatasi, ubao mzito wenye kisu kirefu cha kuinua na kushusha kwa mkono. Kisu kile kilikata bunda zima la karatasi kama mtu anayekata siagi.

Kabla ya hapo Nukta alikuwa mchapaji katika duka la mashine. Alichapa maelekezo yaliyotafsiriwa na watu ambao hawakuwahi kuiona mashine yenyewe. Kuna moja iliyosema, "Usimpe mashine mkono wako hata akiomba." Wenzake walicheka mpaka wakashika matumbo. Yeye hakucheka. Aliwaza kwamba kuna mtu atasimama na karatasi hiyo mkononi, umeme umeshawashwa, akijaribu kuelewa. Akaacha kazi, akamchukua mdogo wake, wakafungua ofisi.

Hawa wawili walikuwa wameshikana tangu utotoni, na kilichowashikanisha hakikuwa kizuri. Baba yao alikuwa mtu wa mkono mwepesi. Alipiga kwa chochote kilichokuwa karibu, mpini, mkanda, waya, na aliyekuwa karibu mara nyingi alikuwa Rula, kwa kuwa hakujua kukimbia. Nukta akiwa bado mwanafunzi, siku moja alinyanyua pasi ya chuma akamrushia baba yake, ikampasua paji la uso. Baba alikaa chini akishika damu, akamtazama binti yake kama anamwona kwa mara ya kwanza. Tangu siku hiyo hakumgusa Rula, Nukta akiwa nyumbani. Kwa hiyo binti alijifunza mapema kwamba kupiga kunafaa kitu, na somo hilo halikumtoka. Hata ofisini aliwahi kumrushia mteja stepla kwa kumwita Rula zezeta. Ilimkosa kidogo tu. Mteja akarudi wiki iliyofuata na kazi nyingine, akaketi mbali na meza.

Basi akaja mwenye karakana mmoja, mtu wa tabasamu na kalamu nyingi mfukoni. Alikuwa anatengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Unasukuma majani kwenye mdomo wa bati, ndani gurudumu lenye visu linazunguka, upande wa pili yanatoka yamekatwa laini. Juu ya gurudumu kuna kifuniko cha bati nene kinachofungwa kwa bolti. Alitaka karatasi moja ya maelekezo, isizidi hiyo moja, mbele na nyuma.

Nukta na Rula walikwenda karakana wakaitazama mashine ikifanya kazi, kama ilivyokuwa desturi yao. Kisha Rula akachora. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kuchora, kila jino la gurudumu lilionekana, na visu ungedhani vitakukata kidole ukivigusa. Ili visu vionekane, aliichora mashine bila kifuniko. Nukta aliona hilo. Akaandika chini yake kwamba picha imechorwa hivyo ili sehemu za ndani zionekane, na kwamba mashine isiwashwe kamwe bila kifuniko. Mwenye karakana akasema maneno yamekuwa mengi. Wakapunguza ukubwa wa herufi mpaka maneno yakatosha. Karatasi ikaenda kuchapwa, mashine zikapakiwa kwenye pikapu, zikatawanyika mashambani, na ofisi ikaendelea na kazi nyingine.

Sasa nje kidogo ya mji aliishi mwanamke aliyeuza maziwa nyumba kwa nyumba, wakimwita Mama Maziwa. Kaka yake mkubwa alikuwa muuza nyama, mtu mnene, mzito wa maneno, ambaye watu walimwita Gogo. Gogo ndiye aliyemlea dada yake baada ya wazazi kufa, na ndiye aliyemnunulia mashine ya kukatia majani, ili apumzishe mgongo. Ilipofika, Mama Maziwa na mumewe walilifungua boksi kwa furaha. Mume alisoma kidogo, mke hakusoma kabisa. Wakaichukua karatasi, wakaitazama mashine, wakaitazama picha. Kwenye picha hakukuwa na kifuniko. Kwenye mashine kilikuwepo. Wakafikiri ni kile cha kusafirishia, kama maboksi na mafurushi ya plastiki. Mume akatafuta spana, akahangaika na bolti mpaka kiganja kikachubuka, akakitoa. Mashine ikafanana na picha. Wakaridhika.

Iliwatumikia vizuri kwa muda. Asubuhi moja ya mvua majani yalikuwa yamelowa na yakaganda mdomoni. Mama Maziwa aliinama kuyasukuma, kama alivyofanya siku zote. Kilichoshikwa kwanza ni ukingo wa mkono wa sweta. Hakuvutwa polepole. Mumewe, aliyekuwa zizini, alisema baadaye kwamba alisikia mlio wa mashine ukibadilika, kama imeuma mfupa, na ilikuwa imeuma mfupa kweli. Alipofika, mkono ulikuwa umekwisha mpaka kiwiko, na mkewe alikuwa ameegemea mashine, amenyamaza, akitazama upande wa pili ambako majani yalikuwa yanatoka mekundu. Mume aliung'oa waya ukutani na kipande cha plasta. Kisha akaanza kupiga kelele, na ng'ombe nao wakapiga kelele, na Gogo, ambaye bucha lake lilikuwa barabarani hapo chini, akaja mbio na aproni yake. Alivua mkanda wa suruali akaukaza juu ya kiwiko cha dada yake. Kwa sababu ya mikono ile iliyozoea nyama, Mama Maziwa hakufa.

Gogo alikaa hospitali mpaka alipoambiwa dada yake atapona. Kisha akarudi kwenye zizi, akasimama mbele ya mashine. Shemeji yake akamwonyesha karatasi ili kujitetea, maana watu wa mtaa walikuwa wameshaanza kusema kwamba yeye ndiye aliyekitoa kifuniko. Gogo aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na jina la ofisi na mtaa wake. Akaikunja akaiweka mfukoni.

Alifika ofisini mchana, Nukta akiwa anakula mezani. Hakubisha hodi. Aliitandaza karatasi juu ya chakula chake, ikalowa, akaweka kidole juu ya picha.

"Kifuniko kiko wapi hapa?"

Nukta hakuelewa. Alimwomba aketi, akamwita bwana, akaanza kumweleza kwamba maandishi ya chini yanasema picha imechorwa hivyo makusudi.

"Sikukuuliza maandishi," Gogo alisema. "Dada yangu hana maandishi. Nakuuliza kwenye picha. Kiko wapi?"

Rula alisikia akatoka chumbani kwake, penseli ikiwa sikioni, akauliza kuna nini. Gogo akamwuliza kama ndiye mchoraji. Rula, asiyejua kudanganya kama asivyojua kukimbia, akasema ndiye.

Yaliyofuata yalikwenda haraka kuliko unavyoweza kuyasimulia. Gogo alimshika Rula shingoni akamrudisha chumba cha pili kama anabeba mbuzi. Alipiga kichwa chake mezani, kalamu na rangi zikamwagika. Nukta alimrukia mgongoni, akamng'ata sikio, akatupwa ukutani na miwani ikapasuka. Gogo alikuwa ameshakiona kikatio. Muuza nyama anakijua kisu kwa kukitazama. Aliuvuta mkono wa kulia wa Rula, ule wa kuchorea, akaulaza kwenye ubao, na kwa mkono wake mwingine akakinyanyua kisu. Rula alikuwa analia, anamwita dada. Gogo hakuwa anapiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza mteja bei, kwamba dada yake pia alikuwa anautumia ule mkono.

Kisu kilishuka. Rula alikuwa amejipinda, ndiyo maana hakikuchukua mkono mzima. Kilichukua kidole cha shahada na cha kati, vikaanguka upande wa pili wa ubao, pale vinapoanguka vipande vya karatasi.

Gogo alikinyanyua tena. Nukta alikuwa sakafuni, na karibu yake palikuwa na jiwe la chuma la kukandamizia vitabu vikauke gundi. Alilishika kwa mikono miwili. Pigo la kwanza lilimpata Gogo kwenye taya, na mfupa ukalia. La pili lilimpata juu ya sikio. La tatu halikuwa na sababu, kwa sababu mtu alikuwa ameshaanguka, lakini Nukta alimpiga nalo vilevile, begani, na alikuwa analinyanyua jiwe kwa mara ya nne alipowasikia mafundi wa matairi wakipanda ngazi.

Mafundi waliona damu ukutani, Rula akiwa amejikunja na mkono kwapani, na mtu mgeni mwenye aproni ya damu sakafuni. Hawakuuliza. Walimburuta Gogo kwa miguu, kichwa chake kikigonga kila ngazi. Barabarani mtu mmoja alisema ni mwizi, wa pili akasema ni muuaji, na hilo likatosha. Watu wakatoka madukani. Mateke yakaanza, kisha mawe, kisha mpini wa jeki. Mwanamke mmoja mwenye kikapu cha nyanya alisimama, akamkanyaga vidole kwa kisigino, akaendelea na safari yake. Fundi kijana, wa kwanza kila siku kumsalimia Nukta, alikuja akiviringisha tairi kuukuu, na mwenzake alikuwa na galoni.

Nukta alikuwa juu, anafunga mkono wa Rula kwa kitambaa cha meza. Alitazama dirishani. Mimi niliyesimuliwa naweza kusema alitazama kwa muda, kwa kuwa mwenyewe alisema hivyo. Alitamani wamalize. Alikuwa na haki ya kutamani. Lakini karatasi ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kiatu chake, imelowa mchuzi na damu, picha ikiwa juu, na bila miwani hakuweza kuyasoma maandishi ya chini. Aliona picha tu. Aliona gurudumu, visu, na hakuna kifuniko. Kwa mara ya kwanza aliiona kama alivyoiona mtu asiyesoma, na akajua kwamba yule mtu barabarani alikuwa amesema kweli.

Akamwambia Rula ashike kitambaa kwa nguvu. Akashuka.

Tairi lilikuwa limeshavishwa kifuani. Alipita katikati ya watu kwa viwiko, akapigwa ngumi moja ya mgongo na mtu asiyejua ni nani, akajilaza juu ya Gogo, tairi likiwa kati yao. Mafuta ya taa yalimwagika shingoni mwake. Mwenye kiberiti alimwambia atoke. Alimwita dada, kwa adabu kabisa.

"Washa," Nukta alisema. "Lakini utatuwasha wote."

Watu wakapigishana kelele. Wengine walidhani amechanganyikiwa kwa kipigo. Akawaambia kwamba huyu si mwizi, ni mtu mwenye msiba, na msiba wenyewe umetoka ofisini kwake. Hawakuelewa, na wala hakuwa na nafasi ya kuwaelewesha. Alibaki pale amelala, akisikia moyo wa mtu aliyemkata mdogo wake vidole ukigonga chini ya mpira, mpaka gari la polisi likaja na umati ukapungua kama maji yanavyoshuka kwenye mtaro. Fundi kijana aliliviringisha tairi lake akarudi kazini.

Hospitali waliwalaza Gogo na Rula katika wodi moja, kwa kuwa wodi ya wanaume ilikuwa hiyohiyo. Mmoja alikuwa amefungwa taya kwa waya, sikio moja limekufa, pingu kwenye kitanda. Mwingine alikuwa na bandeji kubwa kama glovu ya ndondi. Waliwekwa pande mbili za ukumbi na kila mmoja aligeukia ukuta wake. Nukta alipokuja na uji, Rula hakuupokea.

"Ungewaacha," alisema.

Dada akajaribu kumweleza kuhusu picha. Rula akamjibu kwamba picha anaijua, aliichora yeye, na kwamba angekuwa ni yeye aliyelala barabarani, je, Gogo angemlalia? Rula akamwambia kwamba maisha yake yote alijua kuna mtu mmoja duniani atakayekuwa upande wake bila kuuliza nani ana haki, na sasa hana. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuuma Nukta zaidi ya ukuta aliotupwa na ngumi ya mgongo.

Mwenye karakana naye alikuja kumwona, na tabasamu lake. Alimpa pole. Alisema jambo zuri ni kwamba maandishi yapo, herufi ndogo au kubwa ni maandishi, na kwa hiyo mwanamke yule alijitakia. Wakishikilia hapo wote wawili watakuwa salama. Nukta akamwambia mashine zirudishwe, au angalau watu wakaambiwe. Mwenye karakana alicheka. Akamwambia, mama, wewe ni mwandishi, andika. Nukta alimfuata mpaka karakana siku ya pili, akasimama mbele ya mashine zilizokuwa zinapakiwa, akaanza kuzichana karatasi zake mwenyewe moja moja. Mwenye karakana alimzaba kofi mbele ya wafanyakazi wake. Mkono wa Nukta ulikwenda wenyewe kwenye spana iliyokuwa juu ya benchi, ukaishika. Kila mtu aliona. Aliishika, akaitazama, akairudisha benchi. Alisema baadaye kwamba hakuirudisha kwa wema. Alikuwa amechoka na sauti ya mfupa.

Alichofanya ni kumtafuta dereva wa pikapu aliyesambaza mashine. Dereva alikuwa na kumbukumbu ya njia kuliko ya majina: nyumba yenye mbwa mweusi, nyumba ya mwalimu mstaafu, nyumba baada ya daraja bovu. Nukta akaenda kwa Mama Maziwa, ambaye alikuwa ameshatoka hospitali. Alisimama mlangoni akajitambulisha kuwa ndiye aliyeandika ile karatasi, na ndiye aliyemvunja kaka yake taya. Mume alinyanyua fagio. Mama Maziwa akamwambia aliweke chini, akamtazama mgeni.

"Na ndiye uliyemlalia," alisema.

"Ndiye."

"Basi kaa. Umekuja kutaka nini?"

Nukta akamwambia kwamba kuna mashine nyingine nje huko, na watu wanaotazama picha. Mama Maziwa aligeuka kuitazama ndoo yake. Alikuwa anajifunza kukamua kwa mkono mmoja, na ng'ombe alikuwa anamsumbua. Akamwambia mumewe amalizie kukamua, yeye ana safari.

Walizunguka wote wawili na dereva. Nyumba nyingi kifuniko kilikuwa kimetolewa kweli. Mmoja alikifanya chombo cha kunyweshea kuku. Mmoja alikigeuza kiti cha bibi. Mwalimu mstaafu alikipaka rangi akapandia maua, akawaeleza kwa fahari kwamba hata kifungashio kina matumizi. Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani mwake kwa gundi, picha nje. Nukta alikuwa anaanza kueleza, na Mama Maziwa anakunja mkono wa blauzi. Hapo maelezo yalikwisha. Mwalimu aliyang'oa maua yake kwa mikono yake mwenyewe, udongo ukimwagika miguuni.

Nyumba ya baada ya daraja bovu mashine ilikuwa inaunguruma walipofika. Mwanamke alikuwa ameinama juu ya gurudumu akisukuma majani, khanga ikining'inia. Nukta hakupiga hodi wala salamu. Alikimbia mpaka ukutani akauvuta waya. Mume wa yule mwanamke, aliyekuwa anapepeta nafaka uani, aliona mtu asiyemjua anang'oa umeme wake. Alimpiga kwa mpini wa koleo, na mfupa wa bega ukavunjika. Alipoanguka akampiga tena mgongoni, akamwambia atamuua, na alikuwa na nia hiyo, maana aligeuza koleo ili ampige kwa upande wa chuma.

Mama Maziwa alikuwa bado anashuka kwenye pikapu. Alikuja akasimama kati yao. Alikunja blauzi mpaka begani, akamwinulia yule mwanaume kipande kilichobaki, kikiwa bado chekundu na nyuzi zake. Aliyeelewa kwanza alikuwa mke. Aliutazama mkono ule, akaitazama khanga yake, akaenda bandani. Alirudi na kifuniko, akakifuta mavi ya kuku kwa nguo aliyovaa, akamwambia mumewe aache ujinga alete bolti.

Kesi ya Gogo ilisikilizwa baadaye. Rula alitoa ushahidi, akauonyesha mkono, akakaa. Nukta, bega likiwa kwenye bandeji, alieleza jinsi Gogo alivyomshika mdogo wake, hakupunguza hata neno. Kisha akaitoa karatasi akamwonyesha hakimu picha, akiwa ameyaziba maandishi kwa kiganja, akamwuliza kama yeye angekiacha kifuniko au angekitoa. Wakili akapinga. Hakimu akaitazama picha tena kabla ya kukubali pingamizi. Gogo alifungwa, kifungo chepesi kuliko watu walivyotegemea. Karakana ilifungwa pia, maana baada ya siku ile ilibidi mwenye nayo naye aitwe, na alipoitwa alikuja na kalamu zake zote lakini bila tabasamu.

Gogo alipokuwa anatolewa, alisimama mbele ya Nukta, polisi wakimvuta. Taya lake halikuwahi kukaa sawa tena, na maneno yalitoka upande.

"Wewe ndiye uliyenivunja," alisema, "na wewe ndiye uliyenilalia. Sijui nikushukuru au nikupige."

Nukta akamwambia hata yeye hajui.

Ofisi iliendelea, kwa shida. Wateja wengine walikimbia damu. Rula alikaa nyumbani muda mrefu, na dada yake hakumtafuta mchoraji mwingine. Kikatio alikiuza kwa mtu wa vyuma chakavu, akawa anapeleka karatasi kukatwa kwa wapiga chapa. Siku moja Rula alikuja, akaketi kwenye meza yake, akashika penseli kati ya kidole gumba na kile cha pete, na mistari yake ikawa inatetemeka. Hawakuzungumza juu ya jambo hilo, si siku hiyo wala nyingine. Walizungumza kazi. Alimwita dada kama zamani, lakini alianza kufunga mlango wa chumba chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Picha zote zilianza kupita kwa Mama Maziwa kabla ya kuchapwa. Alikuja akimaliza kuuza maziwa, anaketi na ndoo zake, anapewa picha isiyo na maneno na anaambiwa aseme angefanya nini. Alikuwa mkali. Pampu moja aliirudisha mara nyingi mpaka Rula akatupa penseli, akamwambia kwamba hakuna mtu mjinga wa kushika pale. Mama Maziwa akamjibu, "Mimi ningeshika." Rula akaiokota penseli.

Gogo alitoka gerezani wakati wa jua kali. Dada yake hakujua siku, kwa hiyo alikuwa ofisini. Alimfuata huko. Mafundi wa matairi walimwona akipita, wakaacha kazi, lakini hakuna aliyenyanyuka. Alipanda ngazi taratibu, amekonda, akasimama mlangoni bila kuingia, akisema amekuja kumchukua dada yake. Mama Maziwa alikusanya ndoo. Nukta alisimama, akamwambia karibu, na Gogo akatikisa kichwa.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa wazi, kwa sababu ya joto. Rula alikuwa ameinama mezani. Alinyanyua kichwa akamwona. Wakatazamana, mmoja na taya lake, mwingine na mkono wake, mpaka Nukta akahisi damu inampanda masikioni na akajikuta anatafuta kwa macho kitu kizito cha karibu. Kisha Rula akainuka, akatembea mpaka mlangoni kwake, akaufunga. Hakuubamiza. Aliufunga tu, na wote waliokuwa nje wakasikia kiti kikivutwa, na penseli ikianza tena.